Cheti Bila Dereva

Pita Gatina usome mabango: kozi ya kompyuta, pakeji zote, cheti juu. Baada ya miezi michache msee anajua kubofya. Muulize kinachotokea akishabofya, anatoa macho. Nasema wazi: tunauziwa majina.

Mfano ni huu. Kwenye Linux, karibu kila kifaa kina faili yake ndani ya /dev: diski, kibodi, spika. Faili hiyo si kifaa chenyewe. Ni mlango wenye mambo matatu: aina (b kwa diski, c kwa vifaa kama kibodi), namba kubwa inayomtaja dereva, na namba ndogo inayomwambia dereva ni kifaa kipi.

Andika hivi:

sudo mknod shimo c 1 3

Umeunda /dev/null nyingine, shimo linalomeza kila kinachotupwa humo, kwa jina ulilochagua wewe. Kerneli, moyo wa mfumo, haijali jina. Ni kama nganya: iitwe vyovyote, ichorwe vyovyote, anayerudi Kawangware anatafuta 46.

Sasa andika sudo mknod hewa c 60 0. Namba 60 imetengewa majaribio, kwa hivyo kwa kawaida haina dereva. Faili inatokea, ukiorodhesha unaiona, safi kabisa. Jaribu kuisoma: unaambiwa kifaa hicho hakipo.

Hicho ndicho cheti tunachopewa. Jina lipo, muhuri upo, dereva hakuna.

Najua mtakavyojibu, walimu: siku hizi devtmpfs na udev huunda faili hizo zenyewe, mbona tuteseke? Kweli, huziunda. Lakini siku kifaa kikikataa kuonekana, mteja haulizi udev. Anakuuliza wewe. Ukiwa hujui mlango ulivyotengenezwa, utawasha na kuzima mashine mpaka jioni.

Na msiseme hayo ni ya matajiri. Linux ni bure, na kompyuta kuukuu inatosha. Ken Thompson mwenyewe alianza Unix mwaka 1969 pale Bell Labs, kwenye PDP-7 iliyokuwa haitumiki sana. Kinachokosekana mtaani si mashine tu. Ni heshima ya kudhani kwamba kijana wa Gatina anaweza kuelewa kilicho chini ya kifuniko.

Kwa hivyo wewe, kabla hujatoa karo, muulize mwalimu: c 1 3 ni nini? Akisema haiko kwa silabasi, rudi home na doo yako.