Tusichekane kwa Matamshi

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme machache juu ya desturi moja mbaya, nayo ni kumcheka mwenzetu anapokosea kutamka neno la Kiingereza. Sisemi juu ya shule moja. Wanafunzi wa kila mahali waijua desturi hii, na wazazi wetu waliosoma zamani bila shaka waikumbuka.

Nilipata kuhudhuria mdahalo wa shule mbili juu ya maisha ya mjini na maisha ya shamba. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili alisimama akaanza kusema vizuri sana. Alipofika kwenye neno "restaurant" alilitamka kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Binti yule aliinamisha uso, akakaa chini, na hoja yake hatukuipata mpaka leo.

Ajabu ni kwamba neno lile asili yake si la Waingereza. Ni la Wafaransa, na Waingereza nao hawalitamki kama wenyewe. Mfaransa hulimalizia puani, na ile t ya mwisho haisikiki kabisa kinywani mwake. Mwingereza huitamka t yake waziwazi. Basi tulimcheka msichana kwa kulibadili neno ambalo wale tunaowaiga walikwisha kulibadili zamani.

Historia yenyewe ni hii. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy katika Ufaransa, aliishinda Uingereza akawa mfalme wake. Kwa muda mrefu wakubwa wa nchi ile walisema Kifaransa, na raia wakasema Kiingereza. Hata mahakamani mashauri yalisemwa kwa Kifaransa, mpaka ilipotolewa sheria mwaka 1362 kwamba yasemwe kwa Kiingereza. Katika miaka hiyo maneno ya Kifaransa kwa maelfu yaliingia katika Kiingereza, na mengine yamezidi kuingia baadaye. Lakini Waingereza hawakuyapokea maneno hayo kwa magoti. Waliyatamka kwa vinywa vyao wenyewe.

Tazama mifano. Mji mkuu wa Ufaransa wenyewe huuita "Pari". Waingereza huitamka ile s ya Paris, na sisi twawafuata. Neno "biscuit" Mfaransa husema "biskwi", Mwingereza husema "biskit", na sisi twasema biskuti. Katika neno "colonel" Waingereza huandika l mbili, lakini ile ya kwanza hawaitamki. Ndiyo maana sisi tuliosikia kwa sikio twasema kanali. Neno "lieutenant" wao hulitia f isiyoandikwa popote, ilhali Wamarekani hawaitii, wala sisi katika luteni yetu. Na neno "garage" Waingereza hawajapatana mpaka leo: wengine hulitamka karibu na Kifaransa, wengine hulitamka karibu na gereji yetu. Je, kuna anayewacheka?

Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Neno likihamia katika lugha nyingine nalo hufuata desturi za wenyeji. Kiswahili chetu kimejaa wahamiaji wa namna hiyo. Meza ilitoka kwa Wareno, na shule ilitoka kwa Wajerumani. Kitabu kilitoka kwa Waarabu, ambao wakitaja vingi husema "kutub". Sisi tuliona ki- mwanzoni tukasema vitabu, na hapana aliyetushitaki. Mafundi wa magari walisikia "mudguard" wakasema madigadi, kisha wakaona ma- ni ya wingi, basi moja likawa digadi. Hiyo ni akili ya lugha kufanya kazi yake. Hata jina la mji wetu wa Iringa, tulioko sisi wa Mlandege, latokana na neno la Kihehe "lilinga", maana yake ngome. Kila siku twalitamka sivyo, wala hapana mzee anayetucheka.

Mwalimu Nyerere alipofasiri mchezo mmoja wa Shakespeare aliuita Mabepari wa Venisi, ukachapwa mwaka 1969. Wenyeji wa Italia mji ule huuita Venezia. Waingereza waliufupisha, naye Mwalimu akautilia irabu ya mwisho upate kukaa vema katika Kiswahili. Mtu wa elimu kama yeye hakuona haya kuandika Venisi. Mbona sisi twaona haya kwa niaba ya wenzetu?

Tena wako vijana ambao, baada ya kusoma mwaka mmoja tu sekondari, huwacheka bibi zao nyumbani wakisema "sipitali". Kijana, ngoja kidogo. Neno lile Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa wenyewe siku hizi wameitupa ile s. H huiandika lakini hawaitamki, nao husema "opital". Bibi yako amepunguza mwanzo, wao wamepunguza mwanzo na katikati. Nani wa kuchekwa?

Najua msomaji atauliza: Je, basi kila mtu aseme apendavyo? La, sisemi hivyo. Tunaposema Kiingereza yatupasa kujifunza kukitamka kama wanavyokitamka wanaokijua, ili tueleweke na mgeni na msahihishaji. Na tunaposema Kiswahili, tuseme Kiswahili; anayesema meza na shule kwa sauti ya puani ili aonekane ametoka Ulaya naye amekosea. Lakini kusahihisha ni jambo moja na kucheka ni jambo jingine. Anayesahihishwa huondoka na neno; anayechekwa huondoka na hofu.

Na hofu hii ina gharama kubwa. Katika sekondari zetu za serikali masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayeogopa kufungua kinywa hapotezi Kiingereza peke yake. Hupoteza Biolojia, kwa kuwa hathubutu kuuliza; hupoteza Jiografia na Historia, kwa kuwa ajuapo jibu hanyoshi mkono. Mwishoni twasema hana akili, kumbe tulimnyamazisha sisi wenyewe.

Kwa hiyo natoa shauri. Wanafunzi, mwenzenu akisimama kusema, mwacheni amalize hoja yake. Kosa la neno lingoje mpaka akae. Walimu wetu wapendwa, neno likimshinda mmoja, liandikeni ubaoni tulitamke darasa zima, maana mara nyingi wanaocheka nao hawalijui. Wazazi, mtoto akiwacheka nyumbani kwa matamshi yenu, mwulizeni neno hilo limetoka wapi. Akishindwa kujibu, arudi kwenye kamusi.

Tangu zamani maneno yametembea kutoka nchi hata nchi, na kila nchi imeyavika nguo zake. Tujifunze kuyatamka vema, lakini tusimzibe mtu kinywa kwa ajili ya herufi moja.