Lori Jipya na Karatasi ya Dhamana

Lori jipya ni mali kubwa. Kwa chama cha msingi cha wakulima, au kwa watu wachache walioungana kununua chombo cha kuchukulia mizigo, ni jasho la miaka mingi lililokusanywa shilingi kwa shilingi. Kwa hiyo si ajabu kwamba siku ya kulipa fedha hizo wajumbe waliotumwa Dar es Salaam huwa na hofu mioyoni mwao. Na katika saa hiyo ya hofu ndipo muuzaji huwawekea mezani karatasi ya pili. Karatasi ya kwanza ni ya bei ya lori, nayo huja pamoja na dhamana ya kiwanda isiyo na malipo ya ziada. Ya pili ni dhamana ya nyongeza, ambayo wengi huiita waranti ya kulipia. Maneno yake kwa ufupi ni haya: toeni fedha zaidi leo, nasi tutalitengeneza lori lenu baada ya dhamana ya kiwanda kwisha.

Je, yafaa kutia saini? Swali hili huwahusu wananchi wa kila pembe ya nchi, lakini kwa watu wa Nangurukuru lina uzito wa peke yake. Nangurukuru ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara hupita hapo; tawi moja huteremka pwani mpaka Kivinje na Masoko, na tawi jingine huingia bara mpaka Liwale, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, ambao sehemu yake kubwa haina lami. Ufuta na korosho za wakulima, chumvi na samaki wa pwani, saruji na mabati ya wajenzi, vyote husafiri kwa lori. Na Dar es Salaam, ziliko karakana kubwa za mawakala wengi wa malori, iko umbali wa kiasi cha kilomita 300.

Maoni yetu ni kwamba dhamana ya nyongeza isikataliwe kwa ubishi, wala isinunuliwe kwa hofu. Ipimwe kwa hesabu. Na hesabu, kwa kazi ya malori ya pande hizi, mara nyingi huonesha kwamba fedha hizo zingefaa zaidi kama zingewekwa katika mfuko wa matengenezo wa wenye lori wenyewe.

Na tuanze na kilomita. Dhamana za malori kwa kawaida hufungwa kwa mipaka miwili, yaani muda na mwendo, na mpaka utakaotangulia kufikiwa ndio unaoikata dhamana. Tuseme, kwa mfano tu, kiwanda kimetoa dhamana ya miaka mitatu au kilomita 100,000. Msikiaji huyakamata maneno “miaka mitatu” akafurahi. Lakini lori litokalo Nangurukuru kwenda Dar es Salaam na kurudi hutembea kilomita 600. Likienda safari tatu kwa wiki limetembea kilomita 1,800. Katika wiki 56 tu kilomita 100,000 zimekwisha, na ile miaka mitatu imekuwa mwaka mmoja na mwezi. Sasa muuzaji aseme kwamba kwa malipo zaidi ataisogeza dhamana mpaka mwaka wa tano au kilomita 150,000. Kwa lori hilo, kilomita 50,000 zilizoongezwa ni kazi ya wiki 28. Mnunuzi amelipia miaka miwili, akapewa miezi sita na nusu.

Mwingine atasema kwamba lori lake haliendi Dar es Salaam. Kazi yake ni kukusanya ufuta vijijini na kuuleta ghalani, au kupandisha mizigo Liwale, na kwa mwaka mzima halimalizi hata kilomita 30,000. Huyo kweli hatashindwa na mpaka wa mwendo. Lakini atashindwa na jambo jingine. Dhamana karibu zote hudai kwamba lori lihudumiwe kwa wakati katika karakana iliyoidhinishwa, kwa vipuri halisi, na kitabu cha huduma kigongwe muhuri. Lori likiharibika katikati ya njia ya Liwale, nani atalivuta mpaka Dar es Salaam? Mafuta ya injini yakibadilishwa na fundi wa hapa njia panda, hata akiwa hodari kuliko wote, kitabu hakitakuwa na muhuri, na madai yaweza kukataliwa.

Basi hapo ndipo ulipo ugumu wenyewe. Lori lililo karibu na karakana hulipita mbio lile sharti la kilomita. Na lori lisilolipita sharti hilo huwa halifiki karakana. Wengi wa wanunuzi wetu wamo katika moja ya hali hizi mbili, nao hawaambiwi hivyo siku ya kununua.

La pili ni kutazama kinachodhaminiwa. Dhamana hushika makosa ya kiwanda: chuma kilichokuwa na ufa tangu kilipotengenezwa, giaboksi iliyofungwa vibaya, injini iliyoshindwa kabla ya wakati wake. Haishiki vitu vinavyolika kwa kazi. Matairi, breki, klachi, vichujio, taa na mipira, vyote hivi kwa kawaida vimo katika orodha ya visivyohusika, na mara nyingi springi na shokapu nazo zimo. Lakini ni kitu gani kinachokufa katika barabara zetu za vumbi na makorongo? Ni hivyo hivyo. Mtu aweza kuwa na karatasi nzuri kabatini, na lori lake likawa juu ya mawe kwa springi iliyovunjika, na karatasi isimsaidie neno.

Tena lazima ifahamike kwamba dhamana si bima. Mwezi Mei 2024 mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara kuu katika wilaya ya Kilwa, magari yalikwama siku kadhaa huku na huku. Chombo kinachoharibiwa na mafuriko, ajali au moto hakina haki mbele ya dhamana yoyote. Hiyo ni kazi ya bima kubwa, ambayo hukatwa mbali na kulipiwa mbali. Wako watu wanaodhani kwamba wakilipa dhamana ya nyongeza wamejikinga na kila balaa, wakabaki na ile bima ndogo ya lazima tu. Hao wameacha mlango wazi wakaenda kuongeza komeo dirishani.

La tatu linawagusa wafanyakazi, nalo twataka lisikilizwe na kila kamati. Kila karatasi ya dhamana ina kifungu cha matumizi mabaya, na kuzidisha mzigo ndiko hutajwa kwanza. Tangu mwaka 2019 Tanzania hutumia katika mizani zake Sheria ya Afrika Mashariki ya Kudhibiti Uzito wa Magari ya mwaka 2016, na uzito wa lori huandikwa. Wakala akitaka kukataa madai, hana haja ya kutafuta shahidi mbali. Basi mwenye lori anapomwamuru dereva apakie zaidi ya kipimo kwa kuwa msimu ni mfupi, na giaboksi ikafa, dhamana hupotea. Na katika mkutano lawama huangukia dereva na utingo wake. Hii si haki. Dereva asilaumiwe kwa mzigo ambao hakuuamuru yeye, na kamati isinunue dhamana ambayo yenyewe imekwisha kukusudia kuyavunja masharti yake. Kabla ya kutia saini, masharti hayo yasomwe mbele ya dereva, kwa Kiswahili, naye aulizwe kama yanawezekana katika kazi atakayopewa. Yeye ndiye ajuaye barabara.

Wazee wetu hawajasahau miaka ya 1970 na 1980. Kule Kibaha kiwanda cha TAMCO kiliunganisha malori ya Scania, na malori yale yalifanya kazi kubwa katika nchi. Lakini fedha za kigeni zilipoadimika, malori ya kila aina yalilala katika nyua za vyama na mashirika kwa kukosa vipuri vidogo. Funzo lake ni kwamba lori huishi kwa vipuri na fundi. Anayenunua lori leo aulize kwanza: vipuri vyake vinapatikana Lindi au Mtwara? Fundi wa karibu anaijua injini yake? Jibu la maswali hayo ni dhamana bora kuliko karatasi nyingi.

Wala tusidhani kwamba mashaka haya ni ya watu wa pwani ya kusini peke yao. Nchini Uingereza maduka yaliuza dhamana za nyongeza kwa vyombo vya umeme vya nyumbani, mpaka Tume ya Ushindani ya huko ikachunguza na kutoa ripoti mwaka 2003 kwamba ushindani katika biashara hiyo ulikuwa na kasoro zilizowaumiza wanunuzi. Mwaka 2005 ilianza kutumika amri kwamba bei ya dhamana ioneshwe wazi pamoja na bei ya chombo, na kwamba mnunuzi wa dhamana ya zaidi ya mwaka mmoja awe na siku 45 za kubadili nia na kurudishiwa fedha zake zote, maadamu hajadai matengenezo. Amri hiyo haivuki bahari kuja kwetu, wala haihusu malori. Lakini hekima yake hatukatazwi kuitumia. Mjumbe aliyetumwa kununua lori asitie saini ya dhamana siku ile ile. Achukue karatasi, arudi nayo nyumbani, isomwe kikaoni. Muuzaji asiyekubali karatasi yake isomwe na watu wengi amejieleza mwenyewe.

Tena mnunuzi asisahau haki aliyo nayo bila kulipa senti zaidi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, hutambua kwamba mnunuzi anapomjulisha muuzaji kazi anayotaka chombo kiifanye, akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, chombo hakina budi kufaa kwa kazi hiyo kwa kiasi cha haki. Lakini mapatano yaliyoandikwa yaweza kuipunguza haki hiyo, na anayeagiza kwa jina la chapa tu, bila kueleza kazi, hujidhoofisha. Basi barua ya kuagiza lori itaje tani litakazobeba, barabara litakazopita na vumbi litakalokula, na nakala yake itunzwe.

Sasa tuje kwenye mfuko. Tuseme bei ya dhamana ya nyongeza ni shilingi 9,000,000. Lori lile la kilomita 1,800 kwa wiki likitengewa shilingi 100 kwa kila kilomita, kila wiki zitawekwa shilingi 180,000, na mwaka ukitimia mfuko utakuwa na shilingi 9,360,000. Fedha hizi zitanunua springi, klachi na breki, ambavyo dhamana haivigusi. Na lori lisipoharibika, fedha ni za wanachama, hazikuliwa na mtu. Ila mfuko huo uwe na akaunti yake, watia saini wake na daftari lake, ukaguliwe na usomwe kila mkutano mkuu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chama kisichoweza kuweka fedha ya springi bila kuikopeshana, basi na kinunue dhamana, lakini kijue kwamba ugonjwa wake si wa lori.

Hatusemi kwamba hakuna anayefaa kununua. Mtu mwenye lori moja tu, alilolipata kwa mkopo wa benki, ambaye injini moja ikifa nyumba yake itauzwa, huyo ana sababu ya kweli. Kwake twasema anunue kama mambo manne yameandikwa: kwamba injini, giaboksi na difu zimo, kwamba kilomita zilizoongezwa zalingana na mwendo wake wa kweli, kwamba fundi wa wakala atalifuata lori lilipo, au gharama ya kulivuta italipwa, na kwamba anayeahidi ni kampuni yenyewe ya lori au kampuni ya bima inayojulikana, ambayo itakuwapo siku ya kudai. Likikosekana moja, na abaki na fedha yake.

Msimu wa ufuta haungoji. Lori likilala wiki mbili wakati magunia yako kijijini, mkulima ndiye aliyepata hasara, na hakuna dhamana tunayoijua imlipayo mkulima siku hizo. Kwa hiyo kamati zinazojitayarisha kununua malori zifanye hesabu hizi sasa, kabla wajumbe hawajapanda basi kwenda Dar es Salaam. Dereva aitwe kikaoni, fundi aulizwe, mfuko ufunguliwe kabla gurudumu la kwanza halijazunguka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa lori huzibwa kila wiki, kwa mafuta safi, mzigo wa haki na shilingi iliyowekwa akiba.