Piyesi za moteri za zamani: namba pekee haitoshi

Mwenye kununua piyesi ya motokari kwenye soko la Goma ao Bukavu huanza na ulizo moja: ni ya kweli ao ni ya kuiga? Muuzaji anageuza piyesi, anaonyesha namba, na mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo. Marekani nako, ulizo hilohilo linaulizwa juu ya vyuma vilivyotengenezwa zaidi ya miaka 60 iliyopita kwa ajili ya motokari za mbio, na huko pia watu wengi wanaridhika na namba. Wanakosea. Namba inasaidia kujua chuma kilimwagwa katika kalibu gani. Haisemi kilifungwa kwenye motokari gani, wala nani alikigusa baadaye.

Mfano mzuri ni Chrysler 300F ya mwaka wa 1960. Zilitoka 1.212 tu. Moteri yake ya V8, lita 6,8, ilikuwa na kolekteri za kuingiza hewa zisizofanana na za wengine: mabomba marefu ya aluminiamu yaliyopishana juu ya moteri kama mikono iliyokunjwa kifuani, kabureta moja huku na nyingine kule, kila moja ikilisha silinda za upande wa pili. Njia ya hewa ilikuwa na urefu wa sentimita 76 hivi.

Urefu huo haukuwa mapambo. Supapa ya kuingiza inapofungwa ghafula, hewa iliyokuwa inakimbia ndani ya bomba inagonga mlango uliofungwa, na wimbi la msukumo linarudi nyuma hadi mwisho wa bomba, kisha linageuka. Bomba likipimwa vizuri, wimbi linafika tena wakati supapa inafunguliwa, na silinda inashiba hewa bila pampu wala turbo. Bomba refu linasaidia moteri inapozunguka kwa mwendo wa kati. Fupi linasaidia inapozunguka kwa kasi kubwa.

Ndiyo maana Chrysler ilitoa pia moteri ya nguvu za farasi 400, badala ya 375 za kawaida, yenye njia za hewa za sentimita 38. Ilipewa bwati ya vitesi vinne iliyotoka Ufaransa, kwa Pont-à-Mousson, jina lilelile ambalo watu wa miji mingi inayosema Kifaransa wanalikanyaga kila siku kwenye vifuniko vya chuma barabarani. Zilizotoka hivyo ni chache mno.

Hapo ndipo jicho linadanganywa. Kwa inje, kolekteri ya njia fupi ina urefu uleule wa ile ndefu. Tofauti iko ndani: ukuta unaotenganisha njia za hewa unaishia katikati. Mtu akipiga picha ya inje na kuandika namba, hajaandika kitu. Mwenye tamaa anaweza kuchukua kolekteri ya kawaida, akaukata ukuta wa ndani, akaiuza kuwa ile ya nadra. Kinachoweza kumfichua ni picha ya ndani ya piyesi ambayo historia yake inajulikana, pamoja na vipimo vya mahali ukuta unapoishia na alama zilizobaki pale.

Tarehe nayo ina mitego yake. Kwenye piyesi nyingi za Chevrolet, siku ya kumwaga chuma iliandikwa kwa herufi na tarakimu. C 14 7 ni tarehe 14 Machi, mwaka unaoishia na 7. Lakini ni 1957, 1967 ao 1977? Chuma hakijibu. Lazima mtu ajue umbo la piyesi na moteri iliyoipokea ndipo achague.

Tena kuna piyesi ambazo kiwanda hakikuzifunga kamwe. Camaro Z/28, iliyoanza mwaka wa 1967 kwa motokari 602, ilikuja kupata kolekteri ya kabureta mbili zilizopishana, kwa ajili ya mbio. Hiyo iliuzwa na wauzaji wa Chevrolet, na mara nyingine mteja aliipokea ndani ya masanduku katika koferi ya motokari yake. Kwa piyesi ya namna hiyo, fakture ya muuzaji ya mwaka ule ina uzito kuliko namba yoyote. Karatasi hizo ndizo zinazotupwa kwanza mzee anapokufa na watoto wanasafisha garaji.

Kosa lingine ni usafi. Wengi wakipata piyesi ya zamani wanaipiga mchanga na kuing'arisha hata ionekane mpya, halafu ndipo wanaipiga picha. Wamekwisha kufuta rangi ya kiwanda, alama za chaki za wakaguzi kama zilikuwepo, hata ngozi ya aluminiamu inayoonyesha kalibu ilivyokuwa. Picha kwanza, kisha kipimo, kisha mizani. Sabuni baadaye.

Kuna wakusanyaji wanaoficha vipimo, wakisema kuvitangaza ni kuwafundisha waigizaji. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwigizaji ananunua piyesi moja na kuitia katika mchanga. Hahitaji kitabu cha mtu. Aluminiamu ikipoa inasinyaa karibu asilimia 1,3, kwa hiyo nakala iliyomwagwa kutoka piyesi ya sentimita 76 inatoka imepungukiwa na sentimita 1 hivi, isipokuwa fundi ajue kuongeza kipimo. Anayedanganywa ni mnunuzi asiyekuwa na urefu wa kweli wa kulinganisha. Siri inamlinda mwizi.

Mashariki mwa Congo, mafundi wanaoyeyusha aluminiamu wanageuza vyuma vya moteri zilizokufa kuwa sufuria, na hakuna wa kuwalaumu, kwani watu wanapaswa kupika. Marekani ilifanya kinyume mwaka wa 1941: ilikusanya sufuria za wakaaji ili itengeneze ndege. Aluminiamu haina kumbukumbu, ikiyeyuka, imeyeyuka. Kwa hiyo tofauti kati ya piyesi ya nadra na kilo chache za chakavu iko katika daftari la mtu aliyeifungua, akaipima na kutaja alikoipata.

Fundi aliyekuwa na miaka 25 wakati 300F inatoka leo amefikisha miaka 90. Yeye ndiye anayejua ni bwana gani alileta motokari yake, na kolekteri ipi ilitolewa kwenye sanduku siku ile. Simu yenye kamera na saa moja ya mazungumzo vinatosha kumsikiliza, na wenye motokari hizo wana simu zote mbili mfukoni, lakini bado wanabishana juu ya namba.