Jino la pembe si dawa ya pengo?

Mwaka jana, nikikusanya data za kazi yangu ya kumaliza lisansi, nilifanya jambo ambalo leo linanitia haya. Nilimwondoa nkambo wangu kwenye orodha ya watoa habari kwa sababu hana meno.

Sikuvunja sheria yoyote. Darasani tulifundishwa kwamba anayechunguza sauti za lugha atafute msemaji mwenye meno yake ya mbele, kwa kuwa pengo huharibu matamshi. Ushauri huo una sababu yake. Lakini hakuna aliyetuuliza swali la pili: katika nchi yetu, wanaoijua lugha kwa kina zaidi ni akina nani, na wangapi kati yao bado wana meno ya mbele?

Nkambo wangu, mama wa mama yangu, alizaliwa upande wa Bukama. Kiluba anachokisema sisi wajukuu wa Lubumbashi hatukijui. Tunajua cha kusalimia na cha kuombea chakula, basi. Yeye ana majina ya samaki wa Lualaba, ana maneno ya kilio, ana hadithi ambazo mnyama mmoja hubadilisha sauti mara tatu kabla ya kufa. Ana pia meno bandia, ya juu na ya chini. Ya juu yanakaa. Ya chini yanaelea. Akianza sentensi ndefu yanapanda pamoja na ulimi, naye hulazimika kukatiza hadithi ili ayabane kwa midomo. Kwa hiyo akiwa nyumbani huyatia kwenye kopo la maji na kuongea bila meno.

Nilimrekodi jioni moja. Niliporudi kusikiliza, kila palipotakiwa f au s niliandika alama ya kuuliza. Mara ya pili alijifunika kinywa kwa ncha ya kitenge akaniambia: "Mwana, usikamate sauti yangu leo. Meno yangu iko mu kopo." Sikusubiri siku nyingine. Nilimchukua mjomba wangu wa miaka arobaini, mwenye meno yote na nusu ya hadithi. Unukuzi wangu ulitoka safi, na alama nilizopewa zilikuwa nzuri.

Hoja yangu katika makala hii ni moja. Meno ya mzee ni chombo cha lugha. Kwa hiyo njia ya kuyarudisha na kuyashikiza, nayo ni vipandikizi vya meno, isijadiliwe kana kwamba ni urembo wa matajiri tu. Ni jambo la usemi, na sisi wa kitivo cha lugha tuna kazi yetu ndani yake.

Tuanze na fonetiki, maana ndiyo nyumbani kwetu. Chukua maneno manne ya Kiswahili: faa, vaa, saa, zaa. Yanatofautiana kwa konsonanti moja tu, na zote nne zinategemea meno. Kwa f na v, meno ya juu hugusa mdomo wa chini na hewa hupenya kwa msuguano. Kwa s na z, ulimi huielekeza hewa kwenye kingo za meno ya mbele, na hapo ndipo mlio ule mkali unapozaliwa. Ondoa meno, na f hugeuka pumzi kati ya midomo miwili, nayo s hupoteza ukali wake na kuelekea sh. Msikilizaji aliyekuzoea atabahatisha kwa muktadha. Mgeni atakuuliza tena na tena, na mzee anayeulizwa tena na tena hatimaye hunyamaza.

Wapo wataalamu wanaokwenda mbali zaidi. Mwaka 1985 Charles Hockett alidai kwamba sauti kama f na v zilienea pale watu walipoanza kula vyakula laini vya kilimo, kwa sababu meno ya juu yalibaki yametangulia ya chini hata utu uzimani. Mwaka 2019 Damián Blasi na wenzake walilirudia dai hilo katika jarida la Science wakiwa na data nyingi zaidi. Bado watu wanabishana juu yake. Lakini kama umbo la meno linaweza kujadiliwa katika historia ya lugha za dunia, kwa nini tusilijadili katika kinywa cha nkambo mmoja wa Lubumbashi?

Wahenga walisema: jino la pembe si dawa ya pengo. Walikuwa wameyaona meno bandia ya zamani, na walichokisema ni kweli hata kwa ya leo ya plastiki ngumu. Meno bandia ya juu hushikwa na kaakaa pana, hivyo hukaa. Ya chini yana umbo la kwato ya farasi, ulimi uko katikati yake na kila neno huyasukuma. Kibaya zaidi, jino likitoka, mfupa uliolishika hukosa kazi na kuanza kupungua, na taya la chini hupungua upesi kuliko la juu. Meno bandia yaliyokaa vizuri mwaka wa kwanza yatalegea baadaye, hata kama fundi wake alikuwa hodari.

Kipandikizi hufanya kazi tofauti. Ni skrubu fupi ya titani inayowekwa ndani ya mfupa wa taya, mgonjwa akiwa amepigwa ganzi. Katika miaka ya 1950, mtafiti wa Uswidi Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mifupa ya sungura kwa kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa, kilikataa, kwa maana mfupa ulikuwa umekishika. Mwaka 1965 alimwekea vipandikizi Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya. Larsson aliishi navyo hadi alipofariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40.

Kipandikizi kimoja kinaweza kubeba jino moja. Lakini kwa kibogoyo mzee hakuna ulazima wa kupanda meno yote. Viwili tu, upande wa mbele wa taya la chini, vinatosha kuyashikiza meno bandia kwa vifungo vya kubana, mfano wa vile vya koti. Usiku anayavua na kuyasafisha, asubuhi anayabana tena. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walitamka kwamba kwa mtu asiye na meno ya chini, njia hiyo ya vipandikizi viwili ndiyo iwe chaguo la kwanza, badala ya meno bandia yanayoelea.

Najua mtakachoniambia, wenzangu. Mtaniambia kwamba nchi hii ina watu wanaong'olewa jino kwa sababu hawana pesa za kuliziba, na kwamba kuwazungumzia titani ni dhihaka. Sipingi uzito wa hoja hiyo. Bei tuliyotajiwa nyumbani kwa vipandikizi viwili ilikaribia mshahara wa mwaka mzima wa mjomba wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Wala sisemi kwamba kipandikizi ni muujiza. Kinataka miezi kadhaa ya kupona kabla ya kubebeshwa mzigo. Mvutaji wa sigara na mgonjwa wa kisukari kisichodhibitiwa wana hatari kubwa zaidi ya kukipoteza. Hakiozi kama jino, lakini fizi zinazokizunguka zikikosa usafi huvimba, na mfupa huliwa polepole. Vile vifungo navyo huchakaa na kuhitaji kubadilishwa. Aliyewekewa ng'ambo akarudi hapa bila karatasi inayotaja aina ya kipandikizi chake atapata taabu, kwa kuwa sehemu za aina moja haziingii kwenye nyingine.

Basi mpangilio wangu ni huu: kwanza kuzuia meno yasitoke, pili meno bandia yaliyotengenezwa vizuri na kurekebishwa kila yanapolegea, tatu vipandikizi viwili kwa yule ambaye ya chini yamekataa kukaa. Hiyo ya tatu ni ya mwisho kwa gharama, lakini isifutwe kwenye orodha. Leo, mtu akiitaja, jibu ni "hayo ni ya mastaa". Jibu hilo limekwisha kuamua kwamba mzee hahitaji kusikika. Mutuelle inayolipia miwani ili mtu asome haijatoa kitu cha urembo. Kwa nini meno ya kusemea yahesabiwe urembo? Nasi watu wa Katanga tuna sababu ya pekee ya kutonyamaza. Kobalti inayochimbwa kwetu ni madini ambayo, ikichanganywa na kromi, hutengenezwa fremu za meno bandia. Inatoka hapa ikiwa malighafi. Si aibu kuuliza ni lini itarudi ikiwa kinywani mwa mtu wa hapa.

Sasa nafika kwenye kazi yetu. Kabla ya bei kutushinda, neno lilikuwa limekwisha kutushinda. Daktari alimweleza nkambo kwa Kifaransa, na mtu aliyekuwepo akatafsiri kwa haraka. Nkambo aliporudi nyumbani alitupa habari hivi: "Banasema batanipika misumari mu mufupa. Miye hapana mulango." Tulicheka sana. Baadaye niliona kwamba hakukuwa na la kuchekesha. Alikuwa amekataa kitu ambacho hakuelezwa. Kama angeelezwa akakataa, ningeheshimu. Lakini alichokataa ni msumari, na msumari haukuwemo.

Kiswahili kina neno kipandikizi, kutoka kupandikiza, kazi ya mkulima anayehamisha mche kitaluni na kuutia shambani. Neno hilo linafundisha lenyewe. Mche haubebeshwi mzigo siku ya kwanza, husubiriwa ushike. Mche hutaka udongo wa kutosha, na kipandikizi hutaka mfupa wa kutosha, ndiyo sababu daktari hupiga picha kwanza. Mche usiopaliliwa hufa, na kipandikizi kisichopigwa mswaki hupotea. Mzee aliyelima maisha yake yote angeyaelewa hayo yote kwa dakika tano, kwa lugha yake. Tunayo pia maneno mawili ya uwazi kati ya meno: mwanya, ambao mtu huzaliwa nao na kusifiwa kwa uzuri, na pengo, ambalo ni hasara. Lugha inayotofautisha hivyo haikosi uwezo wa kueleza matibabu ya meno. Kinachokosekana ni watu wa kuyapeleka maneno hayo hospitalini.

Watu hao ni sisi. Napendekeza mambo mawili yanayowezekana hata kesho, bila bajeti. La kwanza: wanafunzi wa kitivo hiki na wenzetu wa tiba wakae pamoja watunge maelezo mafupi ya meno bandia na vipandikizi kwa Kiswahili cha hapa, kwa Kiluba, kwa Kibemba, kwa Kisanga. Maelezo hayo yataje faida, maumivu, muda, gharama na hatari. Yajaribiwe mbele ya wazee wenyewe: mzee akishindwa kuyarudia kwa maneno yake, kosa ni letu, tuandike upya. La pili: katika kozi ya kazi ya uwanjani, pengo lisiwe tena sababu ya kumfuta mtoa habari. Liandikwe kwenye kumbukumbu pamoja na umri na mahali alipozaliwa. Arekodiwe akiwa na meno bandia na akiwa bila, kama anakubali. Mahali ambapo sauti haieleweki, asikilizwe na mtu wa nyumbani kwake aliyemzoea, kabla ya kuandika alama ya kuuliza. Tunaochunguza toni tukumbuke pia kwamba toni haitoki kwenye meno. Kiluba ni lugha ya toni, na rekodi niliyoidharau ilikuwa na toni zote mahali pake.

Nilirudi kwa nkambo mwezi uliopita. Vipandikizi hatujaviweza, na sitaki msomaji adhani kwamba makala hii imepata mwisho mzuri kuliko maisha. Fundi ameyarekebisha meno ya chini, yanakaa kiasi. Nilimweleza habari ya mche na kitalu. Alinyamaza, akauliza kama unachipua majani, kisha akasema kwamba hilo lingekuwa jambo la kufikiri.

Halafu akaanza hadithi ya mnyama yule anayebadilisha sauti. Ilipofika sauti ya tatu meno yakapanda, akayatoa, akayatia kwenye kopo, akaendelea. Safari hii sikuizima mashine.