FIMBO HAIFUNDISHI KUGAWANYA

Ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, ukishaipita Chalinze na kuikaribia Ubena Zomozi, utawaona watoto wakikimbilia madirisha na mabeseni ya mayai ya kuchemsha. Siku moja nunua mayai saba ya shilingi 500, kisha toa noti ya shilingi 10,000 huku dereva ameshaanza kuondoa gari. "Mawili buku, manne buku mbili, sita buku tatu, na hili jero. Chenji yako elfu sita na jero, mjomba!" Hakushika kalamu, hakukuna kichwa, hakukosea.

Sasa mfuate mtoto huyohuyo darasani. Ubaoni imeandikwa 7 x 500. Mwalimu ameshika fimbo. Mtoto anasimama, anatetemeka, anatazama chini. Hajui! Je, ule uwezo wa barabarani umekwenda wapi?

Mimi najua, maana yalinikuta. Nilipokuwa darasa la nne, mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na utaratibu wake: kila swali ulilokosa, fimbo moja. Kufikia muhula wa pili hakuna aliyenyoosha mkono. Tulinakili kwa jirani, na jirani naye alikuwa amenakili kwetu. Nikamaliza kidato cha nne na F ya hesabu. Nilichofuzu ni kuogopa.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 1985 watafiti watatu walichapisha uchunguzi walioufanya kwa watoto watano wachuuzi mjini Recife, Brazil. Kwenye biashara zao walipata majibu sahihi asilimia 98. Walipopewa hesabu za namna hiyohiyo zikiwa tarakimu tupu, bila nazi wala mteja, wakaambulia asilimia 37. Akili ilikuwa ileile! Na hapa kwetu, katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2021, waliofaulu hesabu hawakufika 20 katika kila watahiniwa 100.

Sayansi nayo ni hivyohivyo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, mkoani Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Aliingiza maziwa kwenye friji yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa, na baadaye wenzake wakamfanya kichekesho. Hakunyamaza. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza tena Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu aliyewatembelea kutoka Dar es Salaam. Huyu hakumbeza, alikwenda kupima. Mwaka 1969 wakachapisha makala, na hadi leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo linaloitwa kwa jina la Mpemba. Je, ni akina Mpemba wangapi tuliowanyamazisha wakiwa darasa la tatu?

Wapo watakaonikumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini kumkunja si kumvunja. Na sheria wanaijua? Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema kiboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kukosa 7 x 500 hakumo!

Simtupii mwalimu mzigo wote. Serikali ilipofuta ada na michango Januari 2016, watoto walifurika madarasani, na ruzuku ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka mzima. Gawanya mwenyewe kwa siku za masomo, utaona kama inatosha hata kipande cha chaki. Wakubwa wanaohesabu majengo kwenye hotuba watuambie pia mwalimu mmoja amekabidhiwa watoto wangapi. Mwalimu aliyezidiwa hukimbilia fimbo.

Lakini wewe mzazi usisubiri hotuba. Jioni mwite mtoto akuhesabie mauzo. Akikosea, usimwite mjinga, muulize, "Umeipataje?" Mwache apange vizibo vya soda, apime unga kwa kibaba, aulize kwa nini mtungi unapoza maji. Usipojua, sema hujui, mkatafute pamoja. Na kwenye mkutano wa wazazi, simama uulize kwa heshima: "Mwalimu mkuu, tunaomba kukiona kitabu cha viboko."

Yule mtoto wa mayai atarudi barabarani kesho. Tukiendelea kumtisha, atabaki hapo hadi uzeeni, akirudisha chenji bila kukosea kwa watu waliomwambia hana akili. Hapo nani hasa aliyeshindwa hesabu?