Kamau Naye Alikufa Voi

Asimamaye Chawia, juu ya Mwatate, huiona nyika ikitandaa chini ya milima ya Taita hadi macho yachoke. Nyika hiyo ina historia ya ndege. Mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, ndege za kivita za Waingereza zilipaa kutoka Maktau kuwapeleleza Wajerumani upande wa Taveta. Baadaye, tarehe 14 Mei 1931, ndege ndogo aina ya Gipsy Moth ilianguka Voi punde tu baada ya kupaa, ikateketea. Waliokuwamo, watu wawili, walikufa.

Mmoja anajulikana ulimwenguni. Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza aliyepigana katika vita hivyo, alizikwa kwenye vilima vya Ngong na kujengewa mnara. Karen Blixen alimwandika katika kitabu chake cha mwaka 1937, na filamu ya mwaka 1985 ikamwongezea sifa. Wa pili ni Kamau, mtumishi wake Mkikuyu. Yeye hutajwa kwa sentensi moja, na kwa jina hilo moja tu.

Hapana ubaya mgeni kufika Voi kwa ajili ya Finch Hatton. Ubaya ni sisi wenyeji kumsimulia mgeni huyo nusu ya msiba. Wapo watakaosema kwamba habari za Kamau hazikuandikwa, hivyo hakuna la kusimulia. Hoja hiyo ni dhaifu. Habari hazikukosekana kwa bahati mbaya. Aliyeshika kalamu ndiye aliyechagua wa kuandikwa. Hali ni ile ile kwa wapagazi wa vita waliokufa kwa makumi ya maelfu. Sanamu ya askari na mpagazi jijini Nairobi imeandikwa ahadi kwamba wana watayakumbuka majina ya baba zao, ilhali majina yenyewe hayamo. Wapagazi hao wametuachia neno Kariakoo, nasi twalitamka kila siku bila kuwawaza.

Hapa ndipo ilipo kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili. Twaenda nyanjani kukusanya ngano na methali. Kwa nini tusikusanye pia masimulizi ya ndege hiyo Voi, Mwatate na Chawia? Walioiona ikiungua wamekwisha, na watoto wao waliosimuliwa ni wazee sasa. Akifa mzee, simulizi huzikwa naye.

Mei 2031 ajali hiyo itatimiza miaka 100. Ni rai yangu kwamba siku hiyo pawepo Voi kibao kilichoandikwa kwa Kiswahili na Kidawida, chenye majina mawili kwa herufi za ukubwa mmoja. Tusipoandika sisi, tusimlaumu mgeni kwa kusahau.