Tuanze na Sindano



Katika jumuiya zetu za Musonoi neno lilelile limerudi: binti avaaye kipini puani, au kijana wa kiume mwenye hereni sikioni, je, astahili kuimba katika kwaya? Wapo wanaojibu upesi kwamba hapana, na kwa ushahidi hufungua kitabu cha Walawi, sura ya 19, mahali panapokataza kujichanja mwili. Waisome aya nzima. Katazo lile lahusu kujichanja kwa ajili ya wafu. Kisha warudi nyuma hadi Mwanzo, sura ya 24, ambako mtumishi wa Abrahamu anamvika Rebeka pete ya dhahabu puani, halafu anainama kumshukuru Mungu. Ni kweli, Isaya katika sura ya 3 anazikemea pete za pua za mabinti wa Sayuni. Lakini aya chache kabla yake anawashtaki wakubwa wenye mali ya maskini nyumbani mwao, na wakemeaji wetu hawaanzii hapo.

Tena sisi wenyewe twatoga. Mtoto wa kike hajatimiza hata mwezi, anatobolewa masikio kwa sindano ya kushonea iliyopitishwa juu ya mshumaa, uzi unaachwa tunduni, na jirani wanampongeza mama. Hakuna anayeuliza sindano ile ilimtoga nani jana. Sindano yenye damu ya mtu mwingine yaweza kuleta homa ya ini ya aina B na C, hata ukimwi, na mwali wa mshumaa hautoshi kuisafisha. Bastola ya kutogea nayo, kwa kuwa nyingi zina sehemu za plastiki, haivumilii mvuke mkali unaosafisha vyombo vya hospitali. Mtoto hupewa chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini B katika juma la 6, la 10 na la 14. Mama anayengoja hadi hapo apoteza nini?

Lakini linalonikasirisha zaidi ni maneno yanayosemwa kidonda kikichelewa kupona. Husemwa kwamba Mungu amemwadhibu, au kwamba ni kindoki. Binti anayesikia hayo hufunga kitambaa juu ya sikio lililovimba na kunyamaza, na usaha hauponi kwa kunyamaziwa.

Basi tuseme lililo wazi. Ndewe ya sikio hupona kwa majuma 6 hadi 8. Pua yataka miezi kadhaa, na gegedu la juu ya sikio laweza kuchukua hata mwaka, kwa sababu damu hulifikia kwa shida. Likioza, sikio hupoteza umbo lake daima. Kidonda huoshwa kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, lita moja kwa gramu 9 za chumvi, yaani kijiko kidogo kimoja na nusu. Alkoholi huunguza nyama changa. Dawa ya meno na majivu havina kazi hapo. Hereni isizungushwezungushwe, wala isiguswe kwa mkono usionawa, hasa katika mji huu ambamo vumbi la machimbo hulala hata juu ya mto wa kitanda.

Majimaji meupe yanayokauka kama ganda ni ya kawaida. Lakini usaha mzito wa manjano au kijani, joto, wekundu unaoenea, homa: hayo ni ya kituo cha afya, siku hiyohiyo. Tena hereni isivuliwe kwa hofu kabla mganga hajaona, maana tundu laweza kufunga juu ya usaha. Kovu linalokua kupita mipaka ya kidonda ni jambo jingine. Ngozi nyeusi hulipata zaidi, nalo huandama ukoo. Ambaye mama yake analo, afikiri mara mbili kabla ya kutogwa.

Na upele usiokoma? Mara nyingi ni nikeli iliyomo katika hereni za bei ndogo. Kobalti nayo huleta upele wa namna hiyo, na ngozi inayokataa nikeli mara nyingi huikataa kobalti pia: metali ileile iliyochimbiwa mashimo hadi chini ya nyumba za Kasulo. Dhahabu halisi au titani ni salama zaidi, ingawa najua bei yake si ya mfuko wa kila mmoja wetu.

Kamati ikitaka kuamua jambo juu ya vipini, iamue hili: Jumapili moja baada ya Misa, wauguzi walio waumini wenzetu waketi na vijana na mama wenye watoto wachanga, wajibu maswali yote, na mtu yeyote asikemewe kwa kuuliza. Kwaya iimbe siku hiyo na waimbaji wake wote.